Bei Moja kwa Mtoto na Mzee

Machi ikifika na mawingu kuanza kujikusanya upande wa Mlima Elgon, mkulima wa Kamukuywa, magharibi mwa Kenya, huwa na maswali mawili: mbegu ipo, na ni pesa ngapi? Zamani alipanda matatu hadi Kitale kuulizia. Siku hizi hutoa simu kwanza, na bando lake la siku moja. Akifungua tovuti ya muuza pembejeo, mara nyingi hulakiwa na picha kubwa ya shamba la ugenini, kisha kidirisha kinachodai namba yake ya simu. Bei haionekani, na bando linazidi kuliwa.

Mafundi wa tovuti wanalijua tatizo hili. Mwaka 2016 Google ilitangaza kwamba zaidi ya nusu ya wanaotumia simu huondoka ukurasa ukizidi sekunde 3 bila kufunguka. Dawa yake ni nyepesi: picha zipunguzwe uzito; bei, mahali duka lilipo na namba ya kupiga viwekwe juu kabisa. Hayo ni ya ufundi. Ugumu unaanza mgeni akishaingia. Mwenye tovuti ana haki ya kumzuia asitoke kwa kiasi gani?

Upande huu wa Kenya swali hilo lina historia. Wamishonari wa Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi mwaka 1902, na dhehebu lao likaenea hadi Lugulu na Kamusinga, si mbali na Kamukuywa. Leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Watangulizi wao wa karne ya 17 huko Uingereza walikataa kupatana bei. Kutaja shilingi kumi huku moyoni umekusudia saba, walisema, ni uongo, hata kama soko zima linafanya hivyo. Wakaweka bei moja kwa wote. Mwanzoni wateja waliwahama. Baadaye walirudi kwa wingi, maana hata mtoto aliweza kutumwa dukani kwao asipunjwe.

Mama anayeuza nyanya kando ya barabara ya Webuye atacheka kusikia hivyo, na ana haki. Kupatana kwake si uongo: muuzaji na mnunuzi wote wanaujua mchezo, na mnunuzi akichoka huenda zake kwa jirani. Kwenye tovuti anayeujua mchezo ni mmoja tu. Maandishi mekundu yanayosema watu kadhaa wanatazama bidhaa hii sasa hivi, hali hakuna anayetazama, yana ndugu yake katika fikihi ya Kiislamu: najash, kupandisha bei mnadani bila nia ya kununua, jambo ambalo Mtume Muhammad alilikataza.

Kuna mtego mpole zaidi. Mbunifu wa tovuti Aza Raskin alibuni mwaka 2006 ukurasa unaoteremka bila mwisho. Baadaye alijutia hadharani kazi hiyo. Hakumdanganya mtu. Aliondoa tu mahali ambapo msomaji angesita na kujiuliza kama anataka kuendelea, na pale ndipo hiari ya mtu ilipokuwa ikikaa.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Kitufe cha kujitoa, basi, kinastahili ukubwa uleule wa kitufe cha kujiunga. Wauzaji wengi hukificha, wakihesabu waliokwama kuwa wateja.

Makanisa nayo yameingia mtandaoni kwa wingi tangu Machi 2020, ibada za pamoja zilipositishwa kwa sababu ya korona na wahubiri wakahamia YouTube na Facebook. Muuza mbegu angalau hupimwa kwa mbegu yake ikishaota. Mhubiri anayehesabu watazamaji hana kipimo cha namna hiyo, na kishawishi chake ni kikubwa zaidi: kichwa cha habari cha kutisha, muujiza ulioahidiwa dakika ya mwisho, namba ya Paybill juu ya saa ya ibada. Ukurasa wa kanisa unaoanza na saa, mahali na jina la mtu wa kupigiwa mtu akifiwa utapata watazamaji wachache, na wengi wao watakuwa watu wa eneo lenyewe.