Agizo la Mwenye Mashine

Mwenye printa huiagiza mara moja tu: karatasi ni A4, wino mweusi, basi. Siku chache baadaye programu iliyokuja na printa inajisasisha yenyewe, inakula bando, na karatasi inarudi kuwa Letter, kipimo kinachotumika Marekani. A4 ina milimita 210 kwa 297. Letter ina 216 kwa 279. Katika duka la steshenari la Mapinga, kando ya Barabara ya Bagamoyo, zile milimita 18 za urefu ndizo zenye mstari wa sahihi na nafasi ya muhuri kwenye mkataba wa mauziano ya kiwanja. Ukurasa hukatwa chini, au printa husimama ikidai karatasi ambayo ni nadra kuuzwa hapa. Hasara ni ya mwenye duka, ambaye hakuulizwa lolote. Mtumiaji wa mkono wa kushoto aliyebadilisha vitufe vya kipanya hupatwa na hayohayo, asubuhi anakuta vimerudi kulia.

Mpangilio wa kiwandani ni makisio. Mtengenezaji hamjui atakayenunua, kwa hiyo anakisia, na hapo hana kosa. Lakini mtumiaji akishasema anachotaka, kazi ya makisio imekwisha. Kuyarudisha baada ya hapo ni kuweka dhana ya mtu asiyekuwepo juu ya kauli ya mtu aliyepo, mwenye kuijua kazi yake na kulipia karatasi yake. Kwangu hili ni suala la mamlaka kabla ya kuwa suala la ufundi. Na lina ushahidi. Novemba 2015 Microsoft iliiongezea Windows 10 utaratibu wa kuifanya printa iliyotumika mwisho kuwa ndiyo printa kuu, mpaka mtumiaji mwenyewe aende kuuzima. Septemba 13, 2016, printa kadhaa za HP zilianza kukataa katriji za watengenezaji wengine, kwa sababu ya masasisho yaliyopandikizwa mapema yakisubiri tarehe hiyo. Kampuni ilikiri kwamba ilipaswa kuwaeleza wateja vizuri zaidi, ikatoa njia ya kuondoa zuio kwa anayetaka. Katika mambo yote mawili mashine ilitenda kwanza, mwenyewe akajua baadaye.

Wapo watakaosema programu si mali ya mnunuzi. Amepewa leseni tu, na masharti aliyakubali. Hoja hiyo haifiki mbali, hasa Mapinga, mahali ambapo viwanja vinauzwa kila siku. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Aliyenunua kiwanja ana haki ya kukikalia na kukitumia. Je, kwa kuwa udongo si wake, mtu anaweza kuja usiku akasogeza bikoni zake? Serikali yenyewe ikilitaka eneo hilo kwa manufaa ya umma, inadaiwa taarifa na fidia. Haki ya kutumia, hata isipokuwa umiliki kamili, ina mipaka ambayo wengine wote wanalazimika kuiheshimu.

Hoja ya usalama ni nzito zaidi. Programu isiyosasishwa huacha mianya kwa wezi, na watumiaji wengi hawatasasisha wasiposukumwa. Nakubali, na zibwe mianya hiyo hata usiku. Ila kuziba mwanya hakuhitaji kugusa ukubwa wa karatasi wala vitufe vya kipanya. Pale ambapo usalama unalazimu kubadilisha alichochagua mtu, aambiwe kabla, kwa lugha anayoisoma. Anayesema haya ni madogo haoni madhara yaliyo makubwa kuliko karatasi: mtu ambaye maagizo yake yanafutwa tena na tena huacha kuagiza. Huzoea kupangiwa, na mazoea hayo hayaishii kwenye kompyuta.

Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji, ilitazame jambo hili kama haki ya mlaji. Nawe unayekwenda kununua printa, muulize muuzaji kabla ya kulipa kama masasisho yake yanazimika. Akisema hayazimiki, nunua nyingine.