Je, Yafaa Mtoto Mdogo Afundishwe na Kompyuta?



Wazazi na walimu wa watoto hutuuliza neno hili: Je, yafaa kumpa mtoto asiyejua bado kusoma kompyuta au simu, apate kufundishwa nayo? Wengine wasifu mno, wengine wakataa kabisa. Natupime pande zote mbili.

Kwanza tusikie habari ya Seattle, Marekani. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walitangaza jambo walilolijaribu kwa watoto wa miezi 9, waliozoea Kiingereza nyumbani. Wengine waliketi na watu waliowasomea vitabu na kucheza nao kwa Kichina, mara 12. Wengine walionyeshwa watu wale wale katika televisheni. Wale wa kwanza wakajua kupambanua sauti za Kichina. Wale wa pili hawakupata kitu. Sauti zilikuwa zile zile. Ni nini basi kilichopungua? Twadhani ni hiki: mtu humtazama mtoto, humngoja, huujibu uso wake. Picha haimwoni.

Walakini tusikilaumu chombo bure. Mtoto wa miaka 4 aweza kujifunza hesabu kwa michezo ya picha kama Akili and Me, iliyotengenezwa Dar es Salaam, hasa mkubwa akiketi karibu na kumwuliza, "Umeona nini?" Kipimo nacho kipo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asipite saa 1 kwa siku.

Lakini swali lililo gumu si la saa, ni la moyo: Twampa kwa faida ya nani? Sisi wenyewe, jioni moja tukiandika mahubiri, tulimpa mtoto wetu simu apate kunyamaza. Akanyamaza kweli. Baadaye tukatambua ya kuwa hatukumpa mafundisho; tulijinunulia utulivu, na bei aliilipa yeye. Hatumhukumu mama aliyechoka jikoni, maana kazi zake ni nyingi. Ila tusiuite uchovu wetu elimu ya mtoto.

Wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Leo ulimwengu huo waenea katika kiganja cha mkono. Basi, chombo na kitumike tukiwa pamoja na mtoto, wala kisikae mahali petu.