Mkopo wa Saa Sita Usiku



Tukibishana kuhusu simu, hakosi mtu wa kusema: "Simu ni chombo tu, ubaya uko kwa mtumiaji." Mimi naona huo ni ukweli nusu.

Tuangalie pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, mwaka uliofuata ikafika Tanzania. Kabla ya hapo, ukiwa Dar es Salaam unataka kumtumia mama hela Mbinga, unaitia kwenye bahasha, unampa konda wa basi, halafu unabaki unasali. Leo mgonjwa kalazwa Litembo, mtoto wake yuko mbali, na hela ya dawa inaingia papo hapo. Huruma imepata miguu. Hapo lazima tumshukuru Mungu.

Lakini njia hiyohiyo inaleta mkopo. Sisi wa Mbinga tunaujua ukata wa kabla ya msimu. Wazazi wetu wameumizwa na magoma: mkulima anachukua hela kahawa ikiwa bado mtini, akivuna analipa kwa kahawa, kwa bei ya kutupa. Papa Leo XIII aliikemea riba inayowanyonya maskini tangu mwaka 1891, katika Rerum Novarum. Kwa hiyo dhambi si mpya.

Kipya ni nini? Kwenye magoma ilibidi utoke nyumbani, umfuate mtu, useme shida yako. Njiani ungeweza kukutana na mjomba akakuuliza, "Unaenda wapi?" Mkopo wa simu hauna njiani. Saa sita usiku, peke yako chini ya blanketi, unabonyeza namba, hela hiyo! Aibu imepungua, na hilo ni jema. Ila na wa kukuambia "subiri kwanza" naye hayupo.

Ndiyo maana nasema simu si chombo tu. Inafupisha njia, na kwenye ile njia ndefu ndiko alikokuwa jirani.

Yesu alifundisha kwamba Sabato ipo kwa ajili ya mwanadamu (Mk 2:27). Kama hata siku takatifu iko hivyo, sembuse simu? Basi kila kitu kipya tukiulize: kinanisogeza kwa jirani, au kinanifanya nione simhitaji?

Zoezi la wiki hii: kabla hujakopa, mwambie mtu mmoja. Mzazi, rafiki, au mwanajumuiya mwenzako. Na ukiambiwa wewe, usicheke, wala usitangaze. Tukiwacheka wenye shida kwenye jumuiya zetu, tusishangae wakiikimbilia simu.

Tusali: Ee Bwana, umewapa watu akili ya kufupisha safari. Utupe na moyo wa kutopitana njiani. Amina.