Usiuchome Moyo wa Mota!

Fundi wa Mgeta, weka kiberiti chini! Wewe wa Nyandira, wewe wa Langali, wewe wa Tchenzema: kabla hujawasha, nisikilize!

Mota ya mashine ya kusaga imeungua. Umekata waya upande mmoja, vanishi imeganda, shaba haitoki. Mwenye mashine anapiga simu, wateja na madebe yao ya mahindi wanasubiri. Umeshaleta tairi kuukuu. Unataka kuichoma. Hapo ndipo penye hatari!

Tazama ndani! Moyo wa mota si kipande kimoja cha chuma. Ni mabati mengi yaliyobanwa pamoja, kila moja unene wa karibu nusu milimita, ya chuma kilichochanganywa na silikoni kidogo. Aloi hiyo hupokea sumaku upesi na kuiachia upesi, mizunguko 50 kwa sekunde. Na kila bati lina ngozi yake, inayozuia umeme usivuke kwenda bati la pili.

Unasema chuma kitavumilia? Kweli, chuma hakipotezi usumaku wake mpaka nyuzi 770 za Selsiasi. Lakini ile ngozi haifiki huko! Mafundi waangalifu hutumia tanuri, wala hawaachi chuma kipite nyuzi 370 hivi. Moto wa tairi hauna kipimo, hauna mlinzi, hauna breki!

Wanaobuni aloi za kufanya kazi kwenye joto kali, kama ndani ya jenereta za ndege, huchanganya chuma na kobalti, madini yanayochimbwa kwa wingi Kolwezi, kwa jirani zetu Kongo. Kobalti hushika sumaku hata kupita nyuzi 1,100. Na bado! Aloi hiyo ya bei kali nayo hukatwa mabati, nayo huvishwa ngozi, nayo hulindwa. Yako unaitupa motoni?

Ngozi ikiungua, umeme huvuka kutoka bati hadi bati. Yanayofuata unayajua. Umeyaona! Mota iliyochomwa inachemka kabla haijabeba mzigo. Inamaliza Luku. Inaungua tena. Kila nyuzi 10 zinazozidi hupunguza maisha ya vanishi ya waya kwa nusu hivi, nawe unasingizia umeme mdogo!

Acha leo! Peleka mota kwenye tanuri lenye kipimajoto. Kama halipo, lainisha vanishi kwa dawa yake, vuta waya polepole, safisha matundu bila kukwaruza. Kabla ya kusuka, pima moyo wenyewe: zungushia waya, pitisha umeme uliopimwa, tafuta sehemu inayopata moto kuliko nyingine.

Ukikuta moyo umekufa, usisuke! Usifiche! Usipokee pesa! Mwambie mwenye mashine ukweli, anunue mota nyingine.

Utasema, nitaanza na mota ijayo. Ulisema hivyo na iliyopita! Anza na hii iliyo mezani!