Gugu ni Nani?

Jumamosi moja nilijitolea kumsaidia mzee anayetunza bustani ya nyumba ninayopanga Upanga, mwendo wa miguu kutoka Posta. Mwenye nyumba alikuwa anatarajia wageni, na majani ya mbele yalikuwa hayatazamiki. Nikapewa kona moja nipalilie. Baada ya saa nzima nikasimama, jasho linanitiririka, nikamwonyesha rundo langu. Mzee akachuchumaa, akalichambua kidogo, akacheka.

"Mwanangu, umeng'oa ukoka, umeacha ndago."

Kwa macho yangu ilikuwa kinyume. Ukoka wa kona ile ulikuwa umekanyagwa, umekonda, unatambaa ovyo kama kamba iliyoachwa. Ndago zilikuwa zimesimama wima, kijani cha kung'aa, nadhifu kabisa. Nilifuata unadhifu.

Mzee akanifundisha kutotegemea macho peke yake. Chukua shina, livingirishe kati ya vidole. Shina la ukoka ni la mviringo na lina vifundo, na kila kifundo kikigusa udongo chaweza kutoa mizizi. Shina la ndago lina pembe tatu, utazihisi kidoleni, na majani yake yamejipanga safu tatu. Halafu chimba. Chini ya ndago kuna viazi vidogo vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukivuta majani, viazi vinabaki na vinachipua upya. Ndiyo maana anayeng'oa ndago kwa hasira huikuta hapo hapo baada ya wiki mbili.

Nilirudi chumbani nikaanza kusoma, kwa sababu aibu ni mwalimu mzuri. Mwaka 1977 mtaalamu wa Marekani, LeRoy Holm, na wenzake walitoa kitabu kuhusu magugu mabaya kuliko yote duniani. Nafasi ya kwanza waliipa ndago. Sawa, mzee ameshinda. Nafasi ya pili? Ukoka. Ukoka ule ule niliogombezwa kwa kuung'oa! Kwenye shamba la miwa au pamba ni balaa, mkulima anaukimbiza msimu hadi msimu. Kwenye uwanja wa mpira au mbele ya nyumba ya Upanga, watu wanaununua na kuumwagilia maji.

Na si hilo tu. Kabla ya kutupa rundo langu mzee alikuwa ametenga mgagani na mchicha pori, akavifunga kwenye mfuko. Mboga ya jioni. Kona moja, asubuhi moja, hukumu tatu: hii ibaki, hii itupwe, hii iende jikoni.

Katika elimu ya mimea hakuna ukoo unaoitwa magugu. Ukoka ni ndugu wa mahindi na mpunga. Neno "gugu" halituambii mmea ni nini. Linatuambia kwamba kuna mtu ana jembe na ana mpango wake na ardhi ile.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema basi, gugu ni mtazamo tu, kila mmea uachwe. Sikubali. Ndago ikiachwa inaibana mimea mingine kweli, na mkulima anayevuna nusu ya alichopanda hana muda wa falsafa yangu. Kuchagua lazima tuchague. Swali ni kama tunachagua kwa kushika shina, au kwa kuangalia kilichosimama wima na kung'aa.

Hapo ndipo mawazo yalipovuka barabara yakaenda Kariakoo, mahali ambapo sikutaka yaende.

Mwaka 1983 serikali iliendesha Operesheni Nguvu Kazi. Watu wa mjini wasio na kazi iliyotambulika, wachuuzi wadogo wakiwemo, walikamatwa na kurudishwa vijijini au kupelekwa mashambani. Desemba 2016 Rais Magufuli aliagiza wamachinga wasibughudhiwe, na mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakaondolewa barabarani na kuelekezwa maeneo mengine. Ni kazi ile ile, kupanga bidhaa mahali ambapo watu wanapita. Mara ni uzururaji, mara ni ujasiriamali, mara ni uchafu.

Neno hilo la mwisho nililitumia mimi. Si kwa herufi zake, lakini katika habari niliyoandika mwezi ule niliandika kwamba jiji "linasafishwa". Hakuna aliyelihariri. Nilikuwa nimelisikia kwenye hotuba, kwenye redio, kwenye daladala, likaingia kwenye sentensi bila kubisha hodi. Ukisafisha, kilichoondoka ni nini?

Miongoni mwa walioondoka alikuwa dada aliyekuwa akiniuzia chai na chapati karibu na kituo cha Posta. Kwa karibu miaka minne nilikunywa chai yake, na tarehe zikikaba nilikunywa kwa mkopo. Habari ilipotoka nilikuwa bado nadaiwa elfu mbili na mia tano. Nilipopita asubuhi iliyofuata palikuwa peupe, pamefagiliwa. Sikujua anaishi wapi. Nilikuwa na namba za simu za wakuu wa wilaya, yake sikuwa nayo.

Tuwe wakweli lakini. Kabla ya siku hiyo, mwenye kiti cha magurudumu alikuwa hawezi kupita Kariakoo. Mama aliyeshika mtoto mkono alikuwa anatembea katikati ya barabara, anagombania nafasi na bodaboda. Mwenye duka alilipa kodi ya pango na ya serikali, huku mlango wake umezibwa na meza isiyolipa vyote hivyo. Julai mwaka ule ule Soko Kuu la Kariakoo lilikuwa limeungua, na watu walikuwa bado wanawaza moto na njia za kupitisha magari ya zimamoto. Hayo ni malalamiko ya haki. Anayesema kila meza ingebaki pale ilipo hajawahi kusukuma kiti cha magurudumu Mtaa wa Kongo.

Lakini malalamiko hayo yana majibu yanayoweza kupimwa: njia ya miguu iwe mita ngapi, meza ziwepo saa ngapi, wanaohama wafuate wateja wapi. Hilo la wateja tulikuwa na somo lake tayari. Machinga Complex pale Ilala lilikamilika mwaka 2010, na kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, kwa sababu jengo lilikuwepo lakini mkondo wa wapita njia haukuwepo. Tulivuta majani, viazi vikabaki chini. "Kusafisha" inafuta maswali hayo yote. Takataka haiulizwi inakwenda kuishi vipi.

Katika Injili ya Mathayo, mwenye shamba anawazuia watumishi wasing'oe magugu, wasije wakang'oa na ngano. Zamani niliusoma mfano huo kama somo la subira. Siku hizi naona pia kwamba hakuwaamini macho yao.

Mfano wangu nao una mwisho. Ndago haiwezi kusema inahitaji nini. Dada wa chai angeweza, na mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, nilikuwa mbele yake kila asubuhi.

Sasa nikiandika habari za namna hii naandika "wamehamishwa". Neno hilo halirudishi meza, wala halilipi deni langu. Ila msomaji akilikuta anabaki na swali ambalo "kusafishwa" halimwachii: wamehamishiwa wapi?