Kuisoma Kurani Tukufu kwa Matamshi Sahihi

Ndugu msomaji, ikiwa umeingia katika Uislamu karibuni, au ungali unachunguza, yamkini sura uliyofundishwa baada ya Al-Fatiha ni Al-Ikhlas. Ni fupi mno, na Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba inalingana na theluthi ya Kurani. Basi jisikilize unapoisoma. Wengi wetu neno lake la kwanza hulitamka "kuli", aya hiyo huimaliza kwa "ahadi", na sifa ya Mungu inayofuata huisema "samadi".

Hayo yote ni maneno ya Kiswahili! Kuli ni mpagazi wa bandarini, ahadi ni miadi, na samadi (Mwenyezi Mungu atusamehe kwa kulitaja hapa) ni mbolea ya wanyama. Ulimi umeyavuta maneno matukufu ukayarudisha kwenye mazoea yake.

Neno la kwanza ni "qul", yaani "sema". Herufi yake ni qaf, ambayo hutoka pale shina la ulimi linapogusa kaakaa laini, karibu na kimio. Ukisogea mbele kidogo umetamka kaf, na "kul" kwa Kiarabu ni amri ya kula. Katika "Samad", yaani Mwenye kutegemewa na wote asiyemhitaji yeyote, herufi ni sad. Ncha ya ulimi hukaa kama katika sin, lakini nyuma ya ulimi huinuliwa na sauti huwa nzito. Nayo ha ya "ahad" hutoka katikati ya koo, si ile ya "hodi". Ndiyo sababu kujifunzia herufi za Kizungu hudanganya: h moja husimama mahali pa mbili, na s vivyo hivyo.

Lakini shida yetu kubwa ni mwisho wa neno. Kiswahili hakipendi neno lifungwe kwa konsonanti, nasi tunalitilia irabu bila kujua. Msomaji akisimama, dal ya "ahad" haina irabu. Hurushwa kidogo tu, na marusho hayo huitwa qalqala. Herufi zake ni tano: qaf, ta nzito, ba, jim na dal. Rusha herufi, usiongeze i.

Na irabu si jambo dogo. "Yalid" ni kuzaa, "yulad" ni kuzaliwa. Sura inakanusha yote mawili juu ya Mungu, kila moja mahali pake. Ukizichanganya irabu, hoja yenyewe imevurugika mdomoni mwako.

Je, asiyeweza anyamaze? Hasha! Mtume s.a.w. alibashiri kwamba msomaji hodari yu pamoja na malaika watukufu, na anayesoma kwa kukwamakwama, huku akiona uzito, ana thawabu mbili. Uzito huo ni wa mwenye kujitahidi, wala si udhuru wa kuacha kujifunza.

Keti mbele ya mwalimu, utazame kinywa chake, umsomee naye akurudishe; kusikiliza peke yake hakutoshi, kwa kuwa sikio nalo lina mazoea yake. Akiiridhia Al-Ikhlas, ingia Al-Falaq. Humo qaf imetokea mara sita, na kila aya huishia kwa herufi ya kurushwa.