Zawadi Tuliyopewa Tuipeleke

Wako watu wasemao kwamba zawadi ni zawadi, iwe imetoka shambani au dukani, mradi apewaye afurahi. Neno hili lina sehemu ya kweli. Lakini sisi tuandikao lilitupata jambo lililotulazimu kulipima upya.

Likizo yetu huku Kilimanjaro ilikuwa imekwisha, na kesho yake tulikuwa tusafiri kurudi kazini Ulaya. Shangazi yetu akatujia na kifurushi cha kahawa, aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe, akaifunga kwa gazeti. Akasema, "Mwanangu, wape wale unaokaa nao huko, nao wauonje mkono wetu." Tukamshukuru. Lakini usiku sanduku lilizidi uzito, nasi tukakitoa kile kifurushi, tukakiacha juu ya kabati.

Asubuhi, katika uwanja wa ndege, tuliingia dukani tukanunua pakiti nne za kahawa na maboksi mawili ya chokoleti. Chokoleti ile ilitengenezwa Ulaya, nasi tulikuwa tukiirudisha kwao! Tulilipa upesi, maana abiria walikuwa wakiitwa.

Hatusemi kwamba vitu vya dukani ni vya kudharauliwa. Vyo navyo vina mikono ya watu nyuma yake. Mkahawa hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa. Matunda mekundu huchumwa kwa mkono, humenywa, huoshwa, huanikwa juani. Kwa kazi hiyo watoto wengi wa mlima huu walisomeshwa, na wakulima wake waliunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Na kakao ifanyayo chokoleti, zaidi ya nusu yake hutoka Kodivaa na Ghana, tena hulimwa hata kwetu Kyela. Basi kosa letu halikuwa kununua.

Baada ya juma moja Shangazi alituuliza kwa simu, "Walisemaje juu ya kahawa?" Tukajibu, "Walifurahi sana." Na kweli walifurahi, lakini kwa kahawa ya dukani. Je, tulisema uongo? Kila neno lilikuwa la kweli, ila lilisemwa ili asikiaye aamini lisilo kweli. Nasi twaona kwamba huo ndio uongo wenyewe, umevaa nguo safi.

Tena tuligundua mzizi wake. Tulikidhani kile kifurushi kuwa mali yetu, tuwezayo kukichukua au kukiacha. Kumbe hatukupewa sisi; tulitumwa tu. Mwenye kutoa alikuwa Shangazi, na wenye kupewa walikuwa wale wa mbali. Mjumbe hana ruhusa ya kubadili ujumbe kwa sababu ameona mwingine ulio mzuri zaidi. Kama mzigo wamshinda, na aseme mapema, "Siuwezi."

Mwaka uliofuata tulimwambia yote. Hakukasirika. Aliuliza tu kama ile ya dukani ilikuwa na harufu nzuri. Kisha akainuka kukaanga nyingine. Safari hiyo tulitoa viatu sandukuni.

Basi, ndugu, tukabidhiwapo kitu cha mwingine, kiwe kidogo namna gani, tukifikishe. Na tukishindwa, tuseme wazi. Furaha ya apokeaye haifuti deni letu kwake aliyetutuma.